Pete Ndani ya Tangi la Konokono

Maji ya bomba usiyatie tangini siku hiyohiyo. Yaache kwenye ndoo, wazi, kutwa kucha, ile dawa yake itoke. Ukiyatia mabichi, konokono anajifungia ndani ya gamba na anaweza kukususia hata siku tatu, na utakuwa umejitakia. Naanza na hili kwa sababu watu wa hapa wanapenda kuanza na mambo makubwa makubwa, jina, roho, milele, halafu konokono wanawafia mikononi kwa ndoo moja ya maji. Mimi nimefuga konokono miaka thelathini na saba, sebuleni kwangu, kwenye tangi la kioo lililo kati ya cherehani na dirisha. Hakuna aliyenifia kwa uzembe. Wamenifia mara moja tu, wote kwa pamoja, na mara hiyo haukuwa uzembe. Ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Nimesema "hapa" kwa kuwa mji hauna jina. Ulikuwa nalo. Konokono aliyelibeba alikaa kwenye tangi la baraza la mji, na siku moja mtu akasahau kurudisha kifuniko. Konokono hupenda kupanda. Akapanda, akatoka, akaja kuonekana baada ya wiki nyuma ya kabati la mafaili, mkavu. Tangu hapo barua hazitufikii. Siku nazo hazijui zinaingia mji gani, kwa hiyo Jumanne inaweza kuja mara mbili kwa wiki, wakati mwingine mara tatu, na Alhamisi tuliikosa mwezi mzima. Tumezoea. Mtu akikwambia tuonane Jumanne, unamuuliza ya ngapi, basi.

Desturi yenyewe ni hii. Mtu akifa, jina lake halizikwi naye. Siku ya tatu, matanga yakishaanuliwa, mwanamke mkubwa wa ukoo hutia mkono tangini, humtoa konokono mmoja, humweka kiganjani, husubiri. Kusubiri ndiyo kazi. Anaweza kukaa kimya saa nzima kama jiwe na wewe mkono umekufa ganzi. Mwisho kile kifuniko cha mdomo wa gamba lake kinalegea, kichwa kinatoka, pembe zinanyooka, na hapo ndipo unamwambia jina la marehemu, mara moja. Unampaka tone la rangi ya kucha mgongoni usije ukamchanganya na wenzake. Unamrudisha majini. Jina linakaa kwake mpaka azaliwe mtoto wa ukoo wa kulipokea. Konokono akifa kabla ya mtoto, jina limekwenda. Si kwamba ni mwiko kulitaja. Huwezi tu. Unafungua mdomo na hakuna kitu.

Usiniulize konokono anaelewa nini. Mimi nimejiuliza jambo jingine, nani hapa anamtawala nani. Mimi ndiye ninayefungua kifuniko. Mimi ndiye ninayeamua mchicha uliochemshwa uingie lini na kipande cha tango kitoke lini kabla hakijaoza. Nikipunguza, wanakonda, nikizidisha, maji yanachafuka na wao wanazaana mpaka kioo hakionekani. Kwa hesabu hiyo mimi ni serikali. Lakini niambie, serikali gani inaamka alfajiri kumtwangia raia wake maganda ya mayai ili gamba lake lisitoboke? Serikali gani inapiga magoti sakafuni na tochi kuangalia kama raia amepata choo? Yeye anabeba jina la mtu niliyempenda, mimi nabeba ndoo. Nimewahi kudhani jibu liko hapo, kisha nikaona mchicha unaungua jikoni, nikaacha kufikiri.

Sanura alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, tumepishana miaka miwili. Alikufa kwa homa ya siku nne. Nilimtoa konokono wa manjano, mkubwa kuliko wote, nikamwambia jina, nikampaka tone jekundu. Wenzake kumi na mmoja hawakuwa na majina. Walikula, walipandana, walitaga mayai ya rangi ya waridi juu ya mstari wa maji, nami nikiyakwangua kwa kisu. Hawakuonekana kukosa kitu. Nilikuwa nikiwatazama na kujiuliza asiye na jina anapungukiwa na nini hasa, ikiwa mchicha anapata. Wakati huo nilikuwa nauliza kwa kupitisha muda.

Binti yake Sanura, Jokha, alikuwa na mimba ya miezi mitano mama yake alipofariki. Ikabaki miezi minne. Konokono mwenye tone jekundu alikuwa na afya, gamba linang'aa, anatoa mrija wake juu ya maji na kuvuta pumzi taratibu. Nilisema moyoni, hii minne tunaivuka.

Mwezi wa tisa ulipoingia, Jokha alikuja. Ilikuwa Jumanne ya kwanza, saa nne asubuhi, amefuatana na mawifi zake watatu kama desturi inavyotaka.

"Shikamoo, Mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Keti, keti. Usisimame na tumbo hilo, utanitia wasiwasi."

"Nimeileta," akasema, akafungua pindo la kanga.

Ilikuwa pete. Hiyo nayo ni desturi: siku saba kabla ya kutarajiwa mtoto, pete aliyoivaa marehemu hutumbukizwa ndani ya tangi, ikae na konokono, ili jina likumbuke lilikuwa kwenye mkono gani. Huitumbukiza mwanamke mkubwa wa ukoo. Na ikishaingia haitoki kabla ya siku saba, ila yeye mwenyewe aitoe, na aseme sababu mbele ya mwenye mimba na mbele ya Mwandishi wa Majina. Mwanamke mkubwa wa ukoo ni mimi.

"Hakuwahi kuivua," Jokha akasema. "Tuliivua sisi, siku ya kumwosha. Ilikataa, tukatia sabuni."

Nikaipokea, nikaigeuza. Kwa nje ilikuwa bado fedha, nakshi ya matawi ya mtende. Kwa ndani fedha ilikuwa imelika, na chini yake palikuwa na wekundu wa shaba.

Sasa nisikilize. Mama yetu alipofariki aliacha cherehani moja na pete moja ya fedha. Alisema mbele yetu sote wawili, cherehani ya mkubwa, pete ya Sanura. Nami niliitaka ile pete. Sina sababu nzuri zaidi ya hiyo, niliitaka. Kwa kuwa niliachiwa mimi vitu vyote nivigawe, nikaenda kwa sonara mmoja wa mtaa wa mbali, akanitengenezea nyingine ya shaba, akaipaka fedha, mtende ule ule. Hiyo nikampa mdogo wangu. Ya kweli nikaifunga kitambaani, nikaiweka ndani ya sanduku la cherehani, chini ya bobini. Sikuivaa hata siku moja, ningeivaa wapi? Miaka thelathini nilikuwa nikiitoa mara mojamoja mlango ukiwa umefungwa, naitazama, naifuta, nairudisha.

Na shaba na konokono hawakai maji mamoja. Hili si fumbo, analijua kila anayefuga. Shaba ikiyeyuka majini, hata kidogo kisichoonekana, samaki anaweza kuvumilia, konokono hawezi. Nilisimama pale na pete ya shaba mkononi, wanawake wanne wananitazama, konokono mwenye jina la Sanura anatafuna tango nyuma ya kioo.

"Vipi, Mama mkubwa?" Jokha akauliza.

"Naangalia nakshi tu."

Nikaitumbukiza. Nilijiambia fedha iliyobaki itazuia. Nilijiambia siku saba si nyingi, na Jumanne zikijirudia huenda hazihesabiwi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hesabu. Mawifi wakapiga kigelegele. Pete ikazama, ikalala kwenye mchanga, na konokono mwenye tone jekundu, jamani, akaacha tango lake akaenda kuikagua.

Siku ya pili ilikuwa Jumanne tena. Niliamka nikakuta wote kumi na wawili wamepanda kwenye kioo mpaka juu, nje ya maji, wamebanana chini ya kifuniko. Nikawashusha kwa mkono. Wakapanda. Nikawashusha.

Mchana jirani yangu Mzee Kheri akapiga hodi, anataka kuazima mkasi. Mzee Kheri anaishi peke yake mlango wa pili, na sebuleni kwake kuna tangi tupu ambalo hajalitoa mpaka leo, limejaa magazeti. Akapokea mkasi, hakuondoka. Akainama kwenye kioo.

"Konokono wako mbona wako juu?"

"Joto."

"Joto gani, jirani? Mimi nimevaa sweta." Akavuta miwani yake karibu na pua. "Hawa hawajapanda kutembea. Hawa wanayakimbia maji."

Akaita jina langu, lile langu mwenyewe. Nitakwambia mbele kwa nini siliandiki.

"Wa kwangu walipanda hivi hivi," akasema. "Nilikuwa na samaki wawili humo, wakashikwa na ugonjwa wa madoa. Nikanunua dawa ile ya buluu, nikatia vizibo vitatu. Samaki wakapona vizuri sana. Dawa ina shaba, nani aliniambia? Siku ya nne konokono wa mke wangu akaanguka kutoka kwenye kioo kama kifungo kimekatika. Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi minane."

"Pole, Mzee Kheri. Nakumbuka."

"Unakumbuka nini? Sema jina lake."

Nilifungua mdomo. Mwanamke yule alinifundisha kukata gauni la mshazari. Alikuwa na mwanya, alikuwa mkali, alicheka kwa kujifunika uso. Nilifunga mdomo.

"Umeona," akasema. "Mikono yake naikumbuka, sauti naikumbuka. Nikimwota, amenipa mgongo, anapepeta mchele. Siwezi kumwita. Huwa nakohoa ili ageuke." Akaufunga mkasi, akautia mfukoni. "Siku nyingine hageuki. Toa hiyo shaba, jirani, sijui umeitia ya nini."

Alipoondoka niliona aibu na niliogopa, na woga ndio uliokuwa mkubwa. Unadhani niliitoa pete? Wapi. Nilibadilisha nusu ya maji. Nilitia maganda ya mayai mengi kuliko kawaida. Nilifunga mkaa kwenye kitambaa nikauzamisha, nimewahi kusikia unanyonya sumu. Nilifanya kila kitu anachofanya mtu asiyetaka kufanya kile kimoja. Pete ilikuwa chini pale, naikwepa kwa mkono nikipitisha sifongo, nayo inaonekana kubwa kwa sababu ya maji.

Nikawaza hivi, na niliwaza kwa utulivu kabisa, nimekaa kwenye kiti cha cherehani. Sanura amekufa. Aliyekufa hahitaji kuitwa. Mtoto anaweza kupewa jina lolote, majina yamejaa. Kitakachopotea ni sauti ya silabi tatu. Na nikisema ukweli, nitakachopoteza mimi ni uso wangu mbele ya mtoto wa mdogo wangu, na uso huu nimekaa nao miaka hamsini na nane. Kipi kizito? Hoja ilikuwa nzuri, sikuona tundu. Kisha nikajaribu kumwita, tu kwa kujaribu, kama ninavyomwita tangu tukiwa tunaoga beseni moja. Nikasema "Sa," na kilichobaki kikachelewa. Hakikukataa. Kilichelewa, muda wa kushona vifungo viwili hivi, ndipo kikaja, "nura", kimepauka.

Ilikuwa Jumanne ya tatu asubuhi. Wale kumi na mmoja wasio na majina walikuwa wamelala mchangani, vifuniko wazi, wanaelea kidogo nikigusa maji. Mwenye tone jekundu alikuwa bado kwenye kioo. Kifuniko chake kilikuwa kimelegea upande mmoja.

Nikapiga kelele dirishani, mtu amwite Jokha, na mwingine akimbie kwa Bwana Hemedi.

Bwana Hemedi ndiye Mwandishi wa Majina. Ni mtu mpole, mnene, anatokwa jasho, na daftari lake amelivisha jalada la nailoni kama vitabu vya shule. Ndani ya daftari kila mtu aliye hai ana mstari mmoja na kila konokono aliyebeba jina ana mstari mmoja. Hutembea na njiti ya kiberiti. Humgusa konokono kwa njiti. Akijivuta, anaandika "yupo".

Jokha aliingia akihema, mkono kiunoni. Alipoona tangi akashika kichwa.

"Mama mkubwa, kumetokea nini?"

Niliukunja mkono wa gauni, nikazamisha mkono, nikaitoa pete. Nikaiweka mezani mbele yao. Nikafungua sanduku la cherehani, nikatoa bobini zote, nikatoa kitambaa, nikaifungua ya pili. Nikaiweka kando ya ya kwanza. Bwana Hemedi alitazama pete, akanitazama mimi, akaanza kujipepea kwa daftari.

"Hii ni ya bibi yako, ya fedha," nikamwambia Jokha. "Aliachiwa mama yako. Niliiba. Hii aliyovaa ni ya shaba, niliitengenezesha mimi, nikampa nikamwambia ndiyo ile. Shaba inaua konokono, na nilijua hivyo nilipoitia juzi. Ndiyo sababu ninayoitoa. Nimemaliza."

Jokha hakulia. Aliichukua ile ya shaba, akaigeuza, akaangalia ndani.

"Kumbe ndiyo ndimu," akasema.

"Ndimu gani?"

"Kila Ijumaa alikuwa anakata ndimu anasugua kidole. Kilikuwa na kijani hapa, mduara mzima. Tukimwambia, mama, vua hiyo pete inakuchafua, anakataa. Anasema, siivui, hii nimepewa na dada yangu."

Pete ilikuwa ya mama. Kwa nini aseme amepewa na dada? Nilitaka kuuliza, lakini Jokha alikuwa ameshaweka pete chini na uso wake umebadilika.

"Ungejua nilivyokuwa nakuheshimu," akasema. "Hilo tuliache. Mtoto wangu atakuja aitwe nani? Niambie. Nimekaa miezi minne naongea na tumbo hili kwa jina la mama yangu. Nimwambie nini sasa, nilikosea?"

Bwana Hemedi alikuwa amemtoa konokono kwenye kioo, amemweka ndani ya bakuli la maji masafi. Akamgusa kwa njiti. Tukasubiri. Kifuniko kikasogea upana wa unywele.

"Yupo," akasema. "Ila hafiki jioni. Wewe, binti, uchungu?"

"Bado."

"Bado," akarudia, akajifuta jasho. Akafungua daftari ukurasa wa mwisho, ule wenye masharti, akawa kama anayesoma na huku anajua anachokitafuta. "Kuna kifungu. Hakuna anayekitumia. Jina la marehemu linaweza kuhamia kwa mtu mzima aliye hai, likangoja kwake. Isipokuwa kila pumzi ina mstari mmoja, siwezi kuandika miwili. Mtu huyo aachie lake."

"Na lake linakwenda wapi?" Jokha akauliza.

"Halina pa kwenda. Konokono hupewa la maiti, na huyu hajafa."

"Na mtoto akizaliwa? Akishapokea jina?"

"Huyo mtu anabaki hivyo."

Nje mtu alikuwa anauza maandazi, anaita. Nilisema nitafanya mimi. Sikusema kwa ushujaa, usinipambe. Nilisema kama unavyosema nitaosha vyombo mimi, kwa kuwa ni mimi niliyevichafua.

"Mama mkubwa, fikiri kwanza," akasema Jokha.

"Nimefikiri jana kutwa nzima na ona kilichotokea."

Bwana Hemedi akaniambia nitaje jina langu mara ya mwisho. Nikalitaja. Akalitafuta kwenye daftari, likawa katika ukurasa wa watu wa mtaa huu, mwandiko wa baba yake, wino umefifia. Akaweka rula, akapiga mstari. Nilidhani nitasikia kitu, maumivu, hata kizunguzungu. Sikusikia kitu. Nilijua tu kwamba sekunde iliyopita nilikuwa nimesema neno.

Nikamchukua konokono, nikamweka kwenye kiganja, nikakileta kiganja sikioni. Nikasubiri. Mkono ukafa ganzi. Jokha alinishika kiwiko nisichoke, mkono wake wa moto, na hakuutoa. Mwisho kitu baridi kikanigusa ncha ya sikio, kidogo mno, na nikajua naitwa nani.

Alasiri konokono akafa. Nilimnusa kwanza, maana ndivyo unavyojua kwa hakika, harufu yake haikosei. Nikamzika kwenye bustani ya mchicha na wenzake kumi na mmoja.

Siku tisa niliitwa Sanura. Watu walifuata sheria, wakaniita hivyo bila kucheka, hata Mzee Kheri aliporudisha mkasi. Mambo madogo yakabadilika. Nikaanza kunywa kahawa bila sukari, mimi niliyeitukana maisha yangu yote. Nikashika sindano kwa mkono wa kushoto, na mishono ikatoka safi. Na asubuhi moja, nikiwa nafua, nikakumbuka siku ya pete, lakini nilikuwa nimekaa upande mwingine wa mkeka. Nilimwona dada yangu mkubwa ananikabidhi pete. Alikuwa kijana, amekonda kwa msiba, anatazama ukutani. Nikaipima kiganjani. Ilikuwa nyepesi. Ya mama nilikuwa nimeivaa tangu mtoto nikiosha vyombo naye, nilijua uzito wake. Nikamtazama dada, naye akazidi kutazama ukuta, na nikaona kwamba nikisema neno moja sitakuwa na mama wala dada. Nikaivaa. Nikasema, asante, dada.

Niliacha nguo kwenye beseni nikakaa chini palepale penye maji. Nililia kwa sauti, na sikujua ni nani kati yetu anayelia, na kwa kweli sikujali. Miaka thelathini nilikuwa naficha kitu kwa mtu aliyekuwa ananifichia.

Mtoto alizaliwa Jumatano, adhuhuri, Jumatano ya kwanza tuliyoipata kwa muda mrefu. Msichana. Ana masikio makubwa. Nikaletewa amefungwa kwenye kanga, nikamwekea mdomo karibu na sikio, nikalisema jina mara moja, na lilipokuwa linatoka nililisikia likitoka, jepesi, halikugeuka nyuma. Bwana Hemedi akaandika mstari mpya. Akanitazama, akatafuta pa kuandika, akafunga daftari.

Kwa hiyo sasa unajua kwa nini siliandiki. Sina la kuandika. Sokoni wananiita "we mama", Mzee Kheri ananiita jirani. Mtu akitaka kunisimamisha njiani anakohoa. Nageuka. Mambo mengine ni yale yale: nasaga maganda, naacha maji ndooni kutwa kucha. Tangi nimelisugua kwa siki mara tano, nikatupa mchanga wa zamani, nikatia konokono wapya sita. Hawana majina wala hawana tone lolote mgongoni, na nikiwatazama siulizi tena wanapungukiwa na nini. Pete ya fedha imetungwa kwenye uzi shingoni mwa mtoto, nzito mno kwake, anaivuta mdomoni. Ya shaba naivaa mimi. Kidole kimeshaanza kijani, na kila Ijumaa nakata ndimu.

Jokha hajanisamehe yote. Hajasema, lakini naona anavyokunywa chai kwangu, nusu kikombe. Anakuja, hata hivyo, na anamlaza mtoto kwenye mkeka mbele ya tangi, kwa kuwa mtoto akiwaona konokono wakitembea kwenye kioo ananyamaza. Jana alikuwa jikoni kwangu anachambua mchicha, mimi niko kwenye cherehani. Akamwita mwanawe, kwa kumchezea tu, ile sauti ya kuimba aliyokuwa nayo mama yake.

"Sanura!"

"Abee," nikasema.

Kisu chake kikasimama. Nikainua mguu kwenye pedali, nikaona haya, nikataka kusema nimepitiwa. Mtoto alikuwa akiniangalia, pete mdomoni, anasubiri kuona nini kitafuata. Jokha akachungulia mlangoni. Alitutazama sote wawili kwa muda, kisha akarudi kwenye mchicha wake, na nikasikia anaita tena, polepole zaidi.

"Sanura."

"Abee," nikasema.

Mtoto bado mdogo, hajui kuitika. Siku atakayojua, mimi nitanyamaza.